Maji, nguo, ufagio, jikoni au kutumwa: kazi ipi umpe mtoto asiyetulia?

Ukimnyang'anya kifuniko cha sufuria anahamia kwenye kapu la nguo. Ukiliinua kapu, anapanda kiti. Kila mwenye mtoto wa miaka miwili anayaelewa haya, na wengi wamewahi kusikia kwamba dawa yake ni kumpa kazi ndogo ya nyumbani. Wakampa kitambaa afute meza, akakitupa baada ya nusu dakika, na habari ikaishia hapo.

Mara nyingi kitambaa hakina kosa, na mtoto hana kosa. Amepewa kazi ya vidole wakati miguu ndiyo inayomwasha, au kazi ya maji wakati mama yake ana mtoto mchanga begani na hawezi kumtazama. Kazi ya kumtuliza leo asubuhi inaweza kuwa ndiyo ya kukuharibia jioni. Kwa hiyo hapa tumezilinganisha aina tano za kazi kwa mtoto wa takriban mwaka mmoja na nusu hadi mitatu na nusu.

Tuseme mapema: hakuna kati ya hizi itakayokupunguzia kazi. Soksi atakazopanga mtoto kwa robo saa ungezipanga wewe kwa dakika mbili, na sehemu ya sakafu aliyofagia utaifagia tena akilala. Faida yake ni mikono yake kuwa na shughuli, na wewe kuendelea na yako hatua moja kutoka alipo.

## Vipimo vyetu

Kila kazi tumeipima kwa mambo yaleyale. Kwanza maandalizi: vitu gani, vingi kiasi gani, viwekwe wapi. Pili muda inaomshika kabla hajataka kingine, na sehemu ya mwili inayochoka. Tatu macho: je, unaweza kumpa mgongo, na kuna hatari gani ya kazi hiyo hasa? Nne, inaharibika vipi na kwa nini. Mwisho, inamfaa mtoto wa namna gani na mzazi aliye katika hali gani.

Muda tunaoutaja ni wa mtoto aliyeshiba na asiye na usingizi. Mwenye njaa hashikwi na kazi yoyote, na kumlazimisha ni kutafuta kilio.

## Kazi za maji: kuosha, kumimina, kukamua

Maandalizi. Mabeseni mawili ya plastiki yenye upana wa sentimita 35 hivi. Tia lita 3 katika kila moja. Utapata kina cha sentimita 3, na hicho kinatosha kabisa. Maji yawe vuguvugu: tumbukiza kiwiko, yasikustue kwa moto wala kwa baridi. Katika beseni la kwanza tia tone moja la sabuni ya maji. Ukizidisha, povu linaficha vyombo, linaingia machoni na halisuuziki.

Weka mabeseni juu ya benchi fupi lisiloyumba linalomfika mtoto tumboni. Ukiyaweka sakafuni, baada ya dakika tano miguu itakuwa ndani, na baada ya kumi atakuwa ameketi humo. Tandika taulo kuukuu chini ya benchi, litokeze nusu mita upande anaosimama. Vyombo visizidi sita, vyote visivyovunjika: vikombe viwili, bakuli, kijiko cha mbao, kifuniko, sahani ndogo. Kando weka kitambaa kikavu cha kupanga vilivyooshwa. Hapo kazi ina mwanzo (vyombo upande wa kushoto) na mwisho (vyote juu ya kitambaa), na mtoto anauona mwisho huo bila kuambiwa.

Mwonyeshe mara moja, polepole, kimya. Ukisema huku unaonyesha, atakutazama mdomo au mikono, si vyote viwili. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza mjini Roma mwaka 1907, alizipa kazi kama kumimina na kuosha meza nafasi kubwa katika siku ya watoto wadogo, na walimu wanaofuata njia yake bado huonyesha hivi: mikono kwanza, maneno machache.

Muda na mwili. Kati ya zote tano, hii ndiyo inayomshika muda mrefu zaidi: dakika 20, hata 40 kwa anayependa maji. Mtazame anayemimina kutoka kikombe hadi kikombe. Ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, mabega yamepanda, pumzi ameizuia. Maji yanafika ukingoni, anasita, anakuangalia kidogo, kisha anaongeza tone mpaka yafurike. Alikuwa akisubiri kufurika huko tangu mwanzo. Ila miguu haifanyi chochote, hivyo mtoto aliyefungiwa ndani tangu asubuhi anaweza kumaliza maji akiwa na nguvu zilezile alizoanza nazo.

Macho na hatari. Usimpe mgongo hata kidogo. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu: kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, akitumbukia uso hana nguvu ya kujiinua, na hazami kwa kelele. Kazi ikiisha, maji yamwagwe palepale. Hatari ya pili ni sakafu iliyolowa. Miguu mitupu hushika sakafu kuliko soksi.

Inavyoharibika. Malalamiko ya kwanza ya wazazi ni kwamba mtoto anamwaga maji chini. Angalia kama ana pa kuyamiminia. Umempa kikombe, naye kumimina ndiko kunakomvutia. Asipopata chombo cha pili kilicho wazi mbele yake, sakafu ndiyo chombo. Mpe jagi dogo lenye maji mililita 200 na bakuli pana, na umwagaji utapungua sana, ingawa hautakwisha. La pili ni kunywa maji ya beseni. Anayetia kila kitu mdomoni bado si wa sabuni. Mpe maji matupu. La tatu ni mikono ya shati: ikilowa inabaridi, inamkera, na kazi inakufa. Mvue shati kabisa.

Kukamua ni kazi ndogo ndani ya kazi. Sponji moja, bakuli mbili, ahamishe maji yote kutoka moja hadi nyingine kwa kukamua tu. Inachosha viganja na inamtuliza anayepiga au kung'ata zaidi ya maneno mengi.

Inamfaa nani. Mtoto aliyekwisha kukimbia siku hiyo na sasa anahitaji kukusanya akili. Mzazi aliye huru kukaa karibu, hata kama anakatakata kitu au kukunja nguo palepale.

## Kazi za nguo: kupanga, kupokeza, kuoanisha soksi

Maandalizi. Karibu hakuna. Nguo unazo tayari. Kwa aliye chini ya miaka miwili, kazi ni kutoa nguo chafu chini na kuzitupia kapuni, au kukupa moja moja wakati wa kuanika. Kwa aliyefikisha miaka miwili na nusu, soksi: anza na jozi tatu za rangi zinazotofautiana waziwazi. Tandaza soksi moja ya kila jozi kwenye mstari, mpe zile nyingine mkononi, aziweke juu ya wenzake. Akizimudu kwa siku kadhaa, ongeza hadi tano. Jozi nane kwa mara moja ni nyingi. Mbele ya rundo kubwa mtoto huacha kutafuta na kuanza kurusha.

Muda na mwili. Dakika 10 hadi 15. Nguvu inatumika kidogo, isipokuwa ukimpa kusukuma kapu la nguo kutoka chumba hadi chumba. Kapu la kilo mbili likisukumwa sakafuni linamtoa jasho, na mtoto asiyetulia hulipenda kuliko soksi zenyewe.

Macho na hatari. Unaweza kumpa mgongo kwa dakika moja au mbili, mradi vitu vitatu havipo karibu. Sabuni: hasa vile vidonge laini vya rangi vya mashine, ambavyo kwa macho ya mtoto ni peremende. Mifuko ya plastiki. Na kamba ya kuanikia iliyolegea ikafika shingoni mwake. Kama mnatumia mashine ya kufulia, mlango wake ufungwe wakati wote isipokuwa mkono wako uko ndani yake, maana mtoto huingia pale kama nyumbani kwake.

Inavyoharibika. Anakunjua ulichokunja. Kwa mtoto, rundo lililonyooka lipo ili libomolewe, na kugombana naye kunaongeza utamu. Mpe nafasi inayotangulia kukunja kwako: yeye ni wa kutoa nguo kapuni na kukupokeza, na zilizokunjwa ziende nyuma yako au juu ya kitanda kirefu. Vibanio vya springi navyo huleta hasira, kwa kuwa wengi chini ya miaka mitatu hawana nguvu ya vidole ya kuvifungua. Wape vile visivyo na springi, vya kuchomeka tu, au waachie kazi ya kuvitupia kopoini.

Inamfaa nani. Mtoto anayependa majina na mpangilio ("hii ya nani?" "ya baba!"), na mzazi aliyechoka asiyetaka kukausha sakafu.

## Ufagio na tambara

Maandalizi. Tatizo la kwanza ni mpini. Ufagio wa mtu mzima mikononi mwa mtoto wa miaka miwili unapita kichwa chake, na ncha ya nyuma inapiga kila kilicho nyuma yake: taa, uso wa mdogo wake, glasi mezani. Mpini ufike kifuani, sentimita 60 hivi. Kata wa zamani, usugue ncha kwa msasa, imekwisha. Ufagio wa mwanasesere haufai. Haukusanyi kitu, na mtoto anajua.

Chora kwa chaki, au bandika utepe wa karatasi, mraba wa sentimita 30 kwa 30 sakafuni. Huo ndio "nyumba ya taka". Bila mraba, mtoto hufagia mbele na nyuma, taka zikarudi zilikotoka, kwa sababu hajui zinakwenda wapi. Mwanzoni usimpe vumbi, halioni. Chana karatasi vipande kumi vya ukubwa wa kiganja chake, utawanye, azipeleke nyumbani. Kizoleo shika wewe.

Tambara liwe dogo, sentimita 20 kwa 20, lililoloweshwa na kukamuliwa na wewe mpaka lisidondoshe tone. Mahali pa kufuta ni milango ya kabati za chini, miguu ya viti, ukingo wa dirisha la chini. Chupa ya kunyunyizia yenye mililita 150 za maji matupu huongeza hamu maradufu. Iwe mpya. Chupa iliyowahi kubeba dawa ya kusafishia isitumike hata ikisuuzwa, na si kwa ajili ya mabaki tu: inamfundisha mtoto kwamba chupa za umbo lile ni zake.

Muda na mwili. Kufagia ni dakika 5 hadi 10. Kufuta kwa chupa ya kunyunyizia, dakika 15. Mwili wote unafanya kazi, hasa ukimpa tambara pana lenye unyevu kidogo alisukume sakafuni kwa mikono miwili huku ameinama, ukuta hadi ukuta. Safari sita za namna hiyo chumbani ni zoezi hata kwa mtu mzima.

Macho na hatari. Unaweza kuwa chumba hichohicho ukifanya jambo jingine. Dawa zote za kusafishia ziwe zimefungiwa kabla hajaanza, kwa kuwa mtoto aliyepewa tambara hufuata hatua zako zote, pamoja na kufungua ile chupa uliyoitumia jana. Sakafu iliyonyunyiziwa inateleza. Mwekee mpaka, kabati tu.

Inavyoharibika. Ufagio unageuka farasi, upanga, gitaa. Mara ya kwanza mrudishe kwenye mraba kwa kuonyesha kipande kimoja cha karatasi. Mara ya pili kazi imekwisha, ufagio unarudi mahali pake bila maneno mengi. Sisi hatuoni haja ya kuigeuza kuwa vita.

Inamfaa nani. Mtoto mwenye nguvu za mwili zilizobaki, asiyeweza kusimama mahali pamoja. Haimfai mtoto aliyekasirika: mpini ukiwa mkononi, hasira ina silaha.

## Kazi za jikoni

Maandalizi. Hapa kimo ndicho kila kitu. Akisimama, viwiko vyake viwe sawa na uso wa meza au juu kidogo. Akiwa chini zaidi atavuta vitu kuelekea usoni kwake. Kigoda chenye miguu mipana, kisichoyumba ukikitikisa, na ikiwezekana chenye kingo pembeni. Kiwe mita moja au zaidi kutoka kwenye moto, na mikono ya sufuria zote igeuzwe ndani. Kama jiko lako ni dogo kiasi kwamba mita hiyo haipatikani, mpelekee kazi mezani chumba kingine.

Kazi zinazowezekana, kuanzia rahisi: kuchana majani ya mboga kwa mikono, kuhamisha vitu vikubwa kutoka bakuli hadi bakuli, kumenya ndizi uliyoikata ncha na kuipasua ganda kidogo, kuikata ndizi hiyo kwa kisu butu cha siagi, kukoroga vitu vikavu. Bakuli ijazwe theluthi moja tu, na chini yake uweke kitambaa chenye unyevu. Bila kitambaa bakuli inazunguka pamoja na mwiko, mtoto anaegemea kuizuia, na unga unakwenda chini.

Muda na mwili. Dakika 10 hadi 20, kazi ya vidole na viganja. Kinachomshika hapa ni kuwa pamoja nawe. Ukiondoka, naye anashuka.

Macho na hatari. Macho yote, na mkono mmoja karibu. Moto na visu kila mtu anavikumbuka. Vinavyosahaulika ni vitu vidogo vigumu: karanga, maharage makavu, zabibu nzima. Vinaweza kukwama kooni, na maharage hupenda kuishia puani. Usimpe kuchambua nafaka au kunde akiwa bado na tabia ya kuonja kila kitu. Unga mbichi na mayai mabichi vinaweza kuwa na bakteria, kwa hiyo kulamba mwiko kusiruhusiwe, na mikono ioshwe kabla na baada.

Inavyoharibika. Sababu kubwa kuliko zote ni saa. Mzazi humwita mtoto jikoni wakati chakula kimechelewa, watu wana njaa, mtoto mwenyewe ana njaa. Ndizi zinaliwa kabla ya kukatwa, mtoto analia akitaka nyingine, na kitunguu kinaungua. Kazi ya jikoni ifanyike saa moja au mbili kabla ya mlo, au iwe ya kitu kisichotegemewa mezani siku hiyo. Kosa jingine ni kumpa hatua nyingi. Mpe moja: wewe chana, mimi napika.

Inamfaa nani. Mtoto anayekung'ang'ania sketi, asiyekubali kuachwa peke yake. Faida ya pembeni: anayekataa mboga mezani mara nyingine huzionja akiwa anazichana. Mara nyingine, si kila mara. Haimfai anayeruka juu ya kigoda.

## Kutumwa: peleka, lete, beba

Maandalizi. Sifuri. Unahitaji vitu vya kubebwa na mahali pa kuvipeleka. Mzigo wa nusu kilo hadi kilo moja unamtosha mtoto wa kilo 12: taulo tatu zilizokunjwa, chupa ya maji ya plastiki, kitabu kikubwa. Uzito huo ndio unaomtuliza; kumtuma na kijiko ni kumpa mbio za bure. Wa mwaka mmoja na nusu anaweza kutii agizo moja ("niletee kiatu"). Maagizo mawili kwa pamoja ("weka kikombe mezani, kisha ufunge mlango") hukaa vizuri karibu na miaka miwili na nusu. Ukimpa mawili mapema, atafanya la mwisho na kusahau la kwanza, au atasimama katikati ya chumba akikutazama.

Muda na mwili. Kila safari ni dakika moja au mbili, na wewe ndiye injini. Zikipangwa kumi mfululizo, mwili mzima umefanya kazi. Njia nzuri ni kuhamisha rundo: vitu kumi viko hapa, vyote vinatakiwa kule, kimoja kimoja.

Macho na hatari. Uchafu hakuna, na mgongo unaweza kumpa, ila si palipo na ngazi, na mikononi asiwe na kioo, kitu chenye ncha wala kitu kinachomziba macho.

Inavyoharibika. Anapotea njiani. Amekutana na gari lake la kuchezea. Fupisha safari, iwe ndani ya macho yako, kisha uirefushe siku zinavyokwenda.

Inamfaa nani. Karibu kila mtoto, na hasa mzazi ambaye mikono yake imeshikwa lakini mdomo uko huru.

## Vitu vinavyoua kazi yoyote kati ya hizi

Kurudia alichofanya mbele ya macho yake. Amefuta meza, nawe unachukua tambara na kufuta palepale. Kesho hatakuja. Subiri alale.

Zawadi ya peremende kwa kila kazi. Wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa miezi 18 humsaidia mtu mzima aliyeangusha kitu bila kuahidiwa chochote. Katika jaribio lao la mwaka 2008, watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi za vitu kwa kusaidia walisaidia kwa nadra zaidi baadaye kuliko waliosifiwa tu au ambao hawakupewa kitu. "Asante, sakafu imekauka" inatosha.

Kuuliza. "Unataka kupanga soksi?" jibu lake ni "hapana", hata kama anataka. Mpe chaguo ambalo yote mawili unayakubali: "Tuanze na soksi nyekundu au nyeupe?"

Na kutoa vifaa vyote kwa pamoja kila siku. Ufagio ukiwa wazi saa zote unakuwa kama kiti, haumwiti tena. Utoe wakati wa kazi, uufiche baadaye.

## Kwa hali uliyo nayo

Hamjatoka nje siku nzima na mtoto anapanda ukuta: anza na kutumwa, mzigo mzito kidogo, safari kumi, kisha tambara la kusukuma. Maji yaje baada ya hapo kama una nafasi. Ukianza na maji utakuwa na mtoto mwenye nguvu zake zote na aliyelowa. Kumbuka pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza watoto wa mwaka mmoja hadi minne wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku. Soksi hazihesabiki sana humo. Kusukuma kapu, ndiyo.

Unanyonyesha au umembeba mdogo wake: kutumwa na nguo tu. Akuletee nepi, apeleke ile kavu iliyozidi, apange soksi miguuni pako. Maji na jikoni viahirishwe, hata akiomba.

Unaumwa au umechoka hoi: soksi juu ya kitanda, wewe umelala pembeni, mlango wa chumba umefungwa.

Lazima chakula kiive sasa: usimweke kigodani. Mpe sponji kavu na milango ya kabati upande ulio mbali na moto, au rundo la kuhamisha chumba cha jirani ambako unamwona.

Saa moja kabla ya kulala: kukamua sponji, au maji katika beseni moja bila sabuni. Kufagia na kusukuma vinamwamsha upya.

Wako wawili, mmoja wa miaka miwili na mwingine wa mitatu na nusu: wape kazi mbili za mnyororo mmoja, mkubwa asuuze na mdogo apokee na kupanga kwenye kitambaa. Ukiwapa beseni moja watagombania kikombe kilekile, hata ukiweka vikombe kumi. Katika kufagia, ufagio mmoja kwa kila mtoto na mraba wake, umbali wa mita mbili.

Mtoto bado anatia kila kitu mdomoni: nguo, kutumwa, na maji matupu ukiwa umekaa hapo. Vibanio vidogo na kunde visubiri. Kipimo cha haraka: kitu kinachopenya ndani ya bomba la karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake.

Na kama upo kwenye kazi ya maji simu ikaita, mbebe mtoto umtoe kwenye benchi, mwaga mabeseni yote mawili, ndipo upokee.